Magofu na Majina: Mabaki ya Hekalu la Kichina la Croydon na Istilahi za Kiswahili

Nje kidogo ya mji wa Croydon, katika nyika ya kaskazini mwa jimbo la Queensland nchini Australia, pana mahali ambapo mpita njia asiye na habari huona mawe tu. Mengine yamepangwa chini kama sakafu. Mengine yamejengwa kwa duara yakawa tanuri kubwa lililo wazi juu. Na baina yake vimetapakaa vigae vya vyombo vya kauri. Hayo ni mabaki ya hekalu la Wachina na ya makazi yaliyolizunguka. Ardhi yenyewe ni ya Watagalaka, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1885, na katika muda wa miaka michache maelfu ya watu wakamiminika. Mwaka 1891 reli ikafika kutoka Normanton, umbali wa kilomita 150 hivi upande wa magharibi. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza dhahabu ilikuwa imekwisha kupungua, watu wakatawanyika, na leo Croydon ina wakazi wasiozidi mia chache. Treni ingali inakwenda, mara moja kwa wiki, ikichukua watalii.

Huenda msikilizaji akajiuliza ni kwa nini mhadhara wa taaluma za Kiswahili uanzie Queensland. Sababu ya kwanza ni ya kawaida. Kiswahili kimekuwa lugha ya kuandikia historia na akiolojia, na lugha ya taaluma haiwezi kujifungia katika habari za Kilwa, Gedi na Lamu peke yake. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mabaki ya aina ya Croydon yaliingia katika magazeti, ramani na hati kwa jina ambalo waliolijenga hekalu hawakulitoa wao, na mtu anayeyaandikia kwa Kiswahili hana budi kuamua alifanyie nini jina hilo. Uamuzi huo unaonekana mdogo, lakini ndani yake mna swali la ni nani anayesema: mwenye hekalu, au yule aliyelipita juu ya farasi akiwa na haraka.

"Joss" na gereza

Kwa Kiingereza cha karne ya 19 hekalu la Kichina liliitwa "joss house". Neno "joss" lina sauti ya kigeni katika sikio la Mwingereza, na wengi walilidhania kuwa la Kichina. Si la Kichina. Asili yake ni neno la Kireno "deus", yaani Mungu, lililookotwa na mabaharia na wafanyabiashara katika bandari za Asia, likageuzwa na matamshi ya wengi, na hatimaye likatua katika Kiingereza cha pijini kilichosemwa katika bandari za kusini mwa China. Humo likashuka hadhi: kutoka Mungu likawa mungu wa kienyeji, kisha sanamu, na mwisho likatumika hata kwa maana ya bahati. Inaelekea kwamba kwa muda mrefu Mchina alilitamka neno hilo akidhani anasema Kiingereza, na Mwingereza akalipokea akidhani anasikia Kichina. Wachina wenyewe walikuwa na majina yao: "miao", ambalo kwa Kikantoni hutamkwa "miu", ni hekalu la mungu au la mtu aliyetukuzwa, "gong" ni kasri, na hutumiwa pia kwa makao ya miungu. Hekalu la mji wa Cairns, bandari ya Queensland iliyo pwani ya mashariki, liliitwa Lit Sung Goong, kasri la watakatifu wengi. Hapana sanamu katika jina hilo, wala bahati.

Jambo hili halipaswi kumshangaza mwanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa Mreno huyo huyo alipita pwani ya Afrika Mashariki na kuacha "igreja", yaani kanisa, ambalo wataalamu wengi wanalikubali kuwa ndilo chimbuko la "gereza". Wareno walianza kuijenga ngome ya Mombasa, Fort Jesus, mwaka 1593, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Neno lilitoka kwenye kanisa likaenda kwenye ngome iliyolizunguka, na kutoka ngomeni likaenda kwa waliofungwa humo. Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia Fort Jesus kuwa jela, hivyo maana mpya ikapata jengo la kuitegemeza. Pale Kilwa Kisiwani, hata hivyo, ngome iliyo karibu na ufuko bado inaitwa Gereza. Mgeni anayesikia jina hilo kwa Kiswahili cha leo hutafuta minyororo. Anayelichimbua kwa isimu ya historia hutafuta altare. Ngome yenyewe, katika sura iliyobaki, ni ya zama za Waomani juu ya misingi ya Wareno, na haimtimizii haja yake yeyote kati ya wawili hao.

Kisiwani humo mna mfano mwingine. Husuni Kubwa limepewa jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini uchimbaji wa Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulionyesha kasri lenye nyua, kidimbwi cha kuogea na mahali pa biashara. Lau Chittick angeanza na jina na kuishia kwenye jina, angetafuta buruji za mizinga.

Hata hivyo, "gereza" na "joss" si ndugu katika kila jambo. Gereza lilipoteza kanisa lake bila kumtukana mtu. Mswahili anayelitumia hajui kuwa amewahi kuwa na la kusema juu ya Wakristo. "Joss" lilibaki na dharau yake. Lilitumiwa na watu waliokuwa wakiandika juu ya majirani zao walio hai, na kwa kawaida liliandamana na maelezo ya moshi, kelele na ushirikina. Kwa hiyo kulitohoa tu, tukawa na "nyumba ya josi", kungekuwa kuihamisha dharau hiyo katika lugha ambayo haikuwa na ugomvi na mtu yeyote pale Croydon.

Sheria, bustani na tanuri

Ili kuielewa ardhi ya Croydon yafaa kurudi nyuma hadi mwaka 1873, dhahabu ilipopatikana katika mto Palmer, kaskazini zaidi. Kufikia mwaka 1877 Wachina wapatao 17,000, wengi wao kutoka mkoa wa Guangdong, walikuwa huko, idadi iliyowapita Wazungu kwa mbali. Bunge la Queensland likajibu kwa sheria. Ile ya mwaka 1877 ilipandisha ada ya kibali cha kuchimba kwa wale walioitwa wageni wa Kiasia na Kiafrika hadi pauni 3, hali wengine walilipa shilingi 10. Ile ya mwaka 1878 iliwazuia wasiingie katika machimbo mapya kwa miaka mitatu, isipokuwa kama wao wenyewe ndio walioyagundua. Msikilizaji wa Afrika Mashariki ataona kuwa naye ametajwa. Hakuwako, lakini mlango ulikwisha kufungwa kwa jina lake.

Hivyo basi, Croydon ilipofunguliwa, Mchina hakuingia kwa sururu. Aliingia kwa jembe, kwa sufuria na kwa duka. Katika nchi kame yenye joto kali, ambako chakula kilikuja kwa mikokoteni, mboga mbichi zilitoka katika bustani za Wachina, na bila mboga wachimbaji wangeugua kiseyeye. Mkulima aliteka maji na kuyabeba kwa mzegazega, mti wa begani wenye mzigo kila upande. (Inapendeza kuona kuwa kwa chombo hiki Kiswahili hakihitaji kukopa wala kuunda neno, liko, na linaeleweka na kila aliyewahi kumwona mchuuzi wa maji.) Sheria iliyokusudiwa kumweka mbali na mji iliufanya mji umtegemee kwa mlo wa kila siku.

Hekalu lilisimama katikati ya maisha hayo. Katika Queensland ya kaskazini mahekalu mengi yalijengwa kwa mbao na mabati, kama majengo mengine ya nchi ile. Mfano mzuri uliosalia ni lile la Hou Wang katika mji wa Atherton, lililojengwa mwaka 1903: nje ni mabati ya migongo, ndani ni nakshi za mbao zilizoletwa kutoka China. Jengo la aina hiyo likiachwa, halidumu. Mabati hung'olewa yakaezekee banda la mtu mwingine, mbao huliwa na mchwa, vyombo vya ibada huchukuliwa, na kinachobaki ni kile ambacho hakuna aliyeweza kukibeba. Ndiyo maana pale Croydon yamebaki mawe ya chini na tanuri.

Tanuri hilo lastahili maelezo marefu kuliko yanayopewa kwa kawaida. Ni jengo la mawe la umbo la pipa, refu kiasi cha kumwingiza nguruwe mzima akiwa ananing'inia. Moto uliwashwa ndani mpaka mawe yakashika joto. Kisha nyama ikateremshwa, mdomo wa juu ukafunikwa, na joto la mawe likafanya kazi. Matanuri ya namna hii yamepatikana katika machimbo kadhaa ya kaskazini mwa Australia, na mara nyingi huwa jirani na hekalu. Gordon Grimwade, mwanaakiolojia aliyechapisha uchunguzi wa Croydon mwaka 2003, aliyaweka pamoja katika kichwa cha makala yake dhahabu, bustani, mahekalu na karamu. Mpangilio huo una maana. Nguruwe hakuokwa kwa ajili ya mlo wa jioni wa mtu mmoja. Aliokwa siku za sikukuu, akatolewa mbele ya mungu, kisha akaliwa na wote. Kwa hiyo tanuri ni sehemu ya hekalu kama vile birika la maji ya kutawadhia lilivyo sehemu ya msikiti. Msomaji wa pwani anaweza kusita mbele ya mnyama mwenyewe, na mfano huo usimkwaze: kinacholinganishwa ni nafasi ya chombo katika ibada. Mwanaakiolojia aliyeliandika tanuri hilo chini ya kichwa "jiko" atakuwa amepata kipimo na kukosa maana.

Vigae navyo vina la kusema. Katika makazi ya Wachina wa machimbo, popote pale, huonekana aina zile zile: mabakuli ya kijani hafifu, mabakuli ya bei ndogo yaliyochorwa mianzi kwa rangi ya samawati, sahani na vijiko vyenye maua ya misimu minne, na mitungi ya rangi ya kahawia iliyoleta mchuzi wa soya, mboga zilizotiwa chumvi na pombe ya mchele. Wanafunzi wa akiolojia ya Waswahili wameizoea kauri ya China. Wameiona katika ripoti za Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na katika makaburi ya mnara ya Kunduchi ambamo mabakuli yalipachikwa kuwa pambo. Lakini pale Kunduchi bakuli la China halithibitishi kuwapo kwa Mchina. Linathibitisha kuwapo kwa tajiri Mswahili aliyelithamini kiasi cha kuliweka kaburini. Hata sarafu ya enzi ya Yongle iliyopatikana Mambrui mwaka 2010 inasema kwa hakika juu ya safari ya sarafu kuliko juu ya safari ya mtu. Croydon ni kinyume chake. Vyombo vya huko ni duni, havikununuliwa na Wazungu kwa fahari, na havikupambia chochote. Viliagizwa na watu waliotaka kula wali wao katika bakuli la kwao. Kigae cha thamani ndogo ndicho chenye ushahidi mkubwa, na mwanafunzi anayekusanya vigae vizuri peke yake hawezi kuwaona watu.

Kulitaja hekalu kwa Kiswahili

Yako maneno matatu au manne ambayo mwandishi wa Kiswahili angeweza kuyashika. "Nyumba ya sanamu" ndilo baya zaidi, ingawa huja ulimini upesi. "Sanamu" katika Kiswahili cha dini imetwishwa hukumu; wanaoitumia kwa ibada ya mwingine hueleza kosa lake na kuiacha ibada yenyewe bila maelezo. Hata hivyo, mtu angeweza kuitetea kwa kusema kuwa sanamu zilikuwamo kweli. Zilikuwamo, lakini hakuna anayeliita kanisa nyumba ya msalaba katika maandishi ya kitaaluma.

"Hekalu" lina matumaini zaidi, na historia yake ni ya kuvutia. Limeingia Kiswahili kutoka Kiarabu, "haykal", ambalo lina ndugu katika Kiebrania na Kiaramu, na nyuma yao lipo neno la Kiakadi lenye maana ya kasri, lililokopwa kutoka Kisumeri, ambako maana yake ilikuwa nyumba kubwa. Hivyo hekalu na "gong" ya Wachina zilianza mahali pamoja, katika nyumba ya mfalme, bila ya kujuana. Kasoro yake ni kwamba wafasiri wa Biblia walilitumia kwa Hekalu la Yerusalemu, na msomaji aliyelelewa na Biblia huona ukumbi mkubwa wa mawe na makuhani, si chumba cha mabati chenye mlinzi mmoja mzee. Kasoro hiyo si ya kudumu. Maneno hupanuka yanapotumiwa, na hekalu limekwisha kutumika kwa Wahindu wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar bila ya mtu kulalamika.

Neno lisilofikiriwa sana ni "tambiko". Wengi wa waliokwenda Croydon walitoka katika jamii ambamo mzee aliyekufa hapaswi kusahauliwa: hutolewa chakula, hufukiziwa, hutajwa jina. Miongoni mwa miungu iliyoheshimiwa na wahamiaji wa Kikantoni walikuwamo watu waliokuwa hai zamani, kama Guan Di, jemadari wa karne ya 3 aliyesifiwa kwa uaminifu. Kwa Kiingereza mambo haya hugawanywa kwa taabu baina ya ibada na ukumbusho. Kiswahili, kwa bahati, kinalo neno ambalo halilazimishi mgawanyiko huo. Nguruwe wa tanurini alikuwa wa tambiko, na karamu iliyofuata ilikuwa sehemu yake. "Mzimu" lakini lisitumiwe kwa jengo: mahali pa mzimu panaweza kuwa pango au mbuyu, na uhusiano wake na ardhi ni wa watu waliozaliwa hapo. Katika Croydon wenye haki ya uhusiano wa namna hiyo ni Watagalaka.

Kwa vile vijiti vinavyoitwa kwa Kiingereza "joss sticks" hakuna tatizo lolote. Ni udi wa vijiti, na unauzwa kila duka la mtaani Zanzibar. Katika tafsiri hii Kiswahili kimeipita lugha ya asilia, maana kimekitaja kitu chenyewe kikamwacha Mreno kando.

Imla ya maneno hamsini

Suala la majina haliishii kwenye jengo. Katika hati za machimbo ya Australia Wachina wengi wameandikwa kwa majina yanayoanza na "Ah", kana kwamba wote walikuwa wa ukoo mmoja. Katika Kikantoni silabi hiyo ni kitangulizi cha mazoea, kinachowekwa mbele ya jina la mtu unayemfahamu. Karani aliuliza jina, akajibiwa jinsi rafiki zake wanavyomwita, akaandika. Ni kama mtu aandikwe "Mzee" au "Ndugu" katika cheti, kisha watoto wake warithi neno hilo kuwa ukoo. Jina la ukoo, ambalo kwa Mchina hutangulia, likapotea, na pamoja nalo kijiji alikotoka. Mtafiti anayetaka kuwaunganisha watu wa Croydon na vijiji vya Guangdong hukwamia hapo. Kengele na mbao za mahekalu yaliyosalia mahali pengine humfaa zaidi, kwa sababu juu yake wafadhili waliandika majina yao wenyewe kwa maandishi yao wenyewe.

Mwaka 1901 Australia iliyokuwa imeungana karibuni ilipitisha sheria ya kuzuia wahamiaji. Sheria hiyo haikutaja rangi. Ilitaja lugha. Afisa wa bandari aliweza kumtaka mtu aandike imla ya maneno 50 katika lugha ya Ulaya, na afisa ndiye aliyechagua lugha. Anayejua Kiingereza angeweza kupewa lugha nyingine asiyoijua. Mwaka 1905 maneno "ya Ulaya" yaliondolewa, lakini kazi ya jaribio ikabaki ile ile. Kwa wanafunzi wa isimu huu ni mfano wa kutisha kidogo: zoezi la darasani, ambalo kila mwalimu wa lugha amewahi kulitoa, lilifanywa komeo la nchi. Mchina aliyekwisha kuishi Australia, akitaka kwenda kwao na kurudi, aliomba cheti cha kusamehewa imla, na juu ya cheti hicho iliwekwa picha yake na alama ya kiganja chake. Alizuiwa kwa lugha, akatambuliwa kwa mkono.

Athari yake katika miji kama Croydon ilikuwa ya polepole. Wanaume waliokuwamo walizeeka, wapya hawakuja, wake na watoto walibaki Guangdong. Waliokufa walizikwa, na kwa wengi, baada ya miaka, mifupa ilifukuliwa, ikaoshwa na kusafirishwa kwao kwa gharama za vyama vya watu wa wilaya moja. Hekalu lilikuwa mahali pa kuratibu hata kazi hiyo. Bustani zilikauka mmoja mmoja wa wenyewe alipoondoka, na mlinzi wa hekalu alipokosekana, hapakuwa na wa kumrithi. Sharti la imla lilifutwa mwaka 1958. Kufikia wakati huo, pale Croydon, palikuwa pamebaki sakafu, vigae na tanuri.